Maiti Anadaiwa Ngozi

Mwaka wa pili chuoni nilipewa nafasi ya mtemi. Msinipongeze haraka. Mtemi mwenyewe anachomwa mkuki dakika ya kumi, na baada ya hapo kazi yake ni kulala chali katikati ya jukwaa akililiwa. Nilishasomea mwaka mzima jinsi ya kupumua kwa tumbo, kumbe nafasi yangu ya kwanza ya maana ni ya kutopumua kabisa.

Chuo chetu cha sanaa kilikuwa kidogo, kule pwani kwa Wazaramo. Tulikuwa wachache mno, hata aliyecheza sindimba asubuhi ndiye aliyepiga chapuo mchana na ndiye aliyefagia jukwaa jioni. Hiyo sindimba ya Wamakonde iache tu. Mimi ni mtu wa Nzega, kiuno changu kilichongwa kwa mninga.

Mwalimu wa ngoma alikuwa mzee wa Kizaramo, sote tukimwita Babu. Mimi Mnyamwezi, basi ni mtani wake, na hakukupita siku bila kunikumbusha.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mpagazi. Mzigo umeutua wapi?"

Wazee wetu waliteremka pwani karne ya 19 na pembe za ndovu mabegani. Mimi nilishuka basi na begi la nguo, lakini kwa Babu ilikuwa safari ileile.

Siku ya onyesho la kufunga mwaka mvua ilinyesha mchana kutwa. Kwetu ngoma unaianika juani, umemaliza. Pwani ngozi inakunywa unyevu, inalegea, ukiipiga inatoa sauti ya mtu anayekung'uta godoro. Lazima iote moto. Babu akanikabidhi vumi, ile ngoma yenye sauti nzito, aliyoiwamba mwenyewe wiki ileile kwa ngozi ya beberu.

"Iote," akasema, "isiive. Kila mara igonge kwa kidole, usikilize. Ngoma ikilia sana hupasuka."

Nikawasha makumbi ya nazi nyuma ya ukumbi. Moto ukakolea, nami nikaona nisipoteze muda, nifanye mazoezi ya kufa. Mwalimu wa uigizaji alitaka kifo cha hatua tatu: nishtuke, niyumbe, nianguke. Nikafa kwa ubavu wa kulia. Nikafa kwa ubavu wa kushoto. Kifo cha nne kilikuwa kizuri hasa, nikabaki pale chini nikikifurahia, ndipo pua yangu ikanasa harufu ya nyama choma. Naapa, wazo la kwanza lilikuwa: nani ana mbuzi, na atatugawia?

Ngozi ilikuwa na doa la kahawia ukubwa wa chapati. Nikaigonga. Ikalia nyembamba, kama debe. Nikapaka doa majivu, nikaipeleka jukwaani, nikanyamaza.

Sasa sikilizeni mpango ulivyokuwa. Nikishakufa, vumi linapigwa mara tatu. Pigo la tatu fundi taa anazima, wenzangu wananibeba gizani. Nikashtuka, nikayumba, nikaanguka. Likaja pigo la kwanza.

Paa!

Ngozi ikachanika ukingo hadi ukingo. Fundi taa, mtu mwenye nidhamu ya kijeshi, akahesabu moja, akatulia kusubiri la pili.

Wenzangu wakaendelea kulia. Walilia hadi wakaishiwa maneno ya mtemi. Binti mmoja akaanza kumlilia shangazi yake wa Morogoro. Mbu akatua puani kwangu, akakaa kama mwenye nyumba. Bibi mmoja mstari wa mbele akashindwa kuvumilia: "Jamani, maiti hamumfuniki?"

Hapo nikasikia hatua. Nikafumbua jicho nusu. Babu huyo, kapanda jukwaani na vumi lake lililochanika kwapani.

"Acheni kulia!" akaamuru, akaketi juu ya miguu yangu. "Maiti huyu haendi popote. Namdai ngozi! Tumempa ngoma aioteshe, yeye kaipika. Mchuzi kaumwaga wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nani pwani asiyejua mtani msibani? Humzuia marehemu hadi alipwe. Watu wakadhani ndivyo igizo lilivyoandikwa, wakaanza kutupa sarafu. Moja ikanipata kwenye paji la uso. Nikajibana, nikaumauma ulimi wangu, lakini tumbo halikubali, likaanza kutikisika.

"Mnaona? Linacheka! Limeshiba beberu!"

Fundi taa bado anasubiri. Babu akamtazama, akatazama ngoma yake, kisha akatazama tumbo langu. Nikaelewa nikiwa nimechelewa. Akainua kiganja.

Ndi! Ndi!

Giza.

Zile sarafu zilitosha ngozi mpya, na chenji ikabaki. Tabu ni kwamba watazamaji wa kesho yake walishasimuliwa, wakadai mtani wao. Kwa usiku mbili zaidi nilikufa, nikadaiwa, nikapigwa tumbo, na vumi zima kabisa likiwa limekaa kando linanitazama.

Tangu siku hiyo sikuitwa tena mpagazi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekula, au nifiche ngoma?"