Kweche Hajatoka Brazili

Juzi kwenye kundi la mtaa mtu katuma picha ya ndege wa rangi ya chungwa, kang'ang'ania bua la mpunga bonde la Ruvu. "Wapendwa, kuna aliyepotelewa na kasuku?" Majibu yakamiminika. Mmoja kasema ni jini, asiguswe. Mwingine, kwa uhakika wa mtu aliyesoma nusu ukurasa, katangaza kuwa ndege huyo katoka Brazili.

Brazili!

Huyo ni kweche. Marehemu bibi yangu kawaamia hao miaka nenda rudi, yuko juu ya dungu na debe lake bovu tangu alfajiri. Kinachowachanganya watu nakijua, maana na mimi kilinichanganya: rangi ile ni ya dume peke yake, tena msimu wa kuzaliana, mvua zinapoinua majani. Msimu ukipita manyoya yanapukutika, anaota ya kahawia yenye michirizi, hutamtofautisha na jike, na wote wawili utawaita shomoro. Hapo ndipo watu husema "wamehama". Wahamie wapi? Kavua kanzu ya harusi tu.

Kwa hiyo usiulize kwanza anapatikana wapi, uliza lini. Mvua zikikolea, simama kimya ukingoni mwa majaruba. Dume hujitutumua mpaka awe duara kama ndimu, akaruka polepole juu ya majani, mbawa zinavuma. Akishawapata majike, tena si mmoja, kulea anawaachia wenyewe. Tunawajua wa namna hiyo.

Halafu mtazame kichwa. Paji na utosi vikiwa chungwa na tumbo lote jeusi, huyo ndiye wa pwani yetu na visiwani. Paji likiwa jeusi na kifua kina rangi, ni binamu yake wa bara.

Haya, nakubali, kweche wengine ni wekundu kuliko chungwa, na simu zetu huongeza chumvi. Wapo pia ndege wengine wenye rangi ya chungwa: mdiria mdogo wa kandokando ya maji, hudihudi, na yule kasuku wa Tarangire ambaye dume lake lina tumbo la chungwa na jike la kijani. Wote wa hapa hapa.

Nikayaandika haya yote kwenye kundi, aya tatu nzima. Jibu la kwanza: "Asante mwalimu. Anauzwa bei gani?"