Injinia, lete chai

Ukimwona kijana pale Uyole, Mbeya, mwezi wa saba, saa moja kasorobo asubuhi, amevaa ovaroli ya bluu yenye mikunjo ya dukani, juu yake sweta, juu ya sweta jaketi, na kwapani kabana kitabu kilichofungwa nailoni kama cheti cha ndoa, usimuulize anakwenda wapi. Huyo yuko fildi, mafunzo ya vitendo ya chuo. Hicho kitabu ni logibuku, cha kuandikia kazi ya kila siku. Ovaroli ikiingia oili itafuliwa. Logibuku ikiingia oili, ndiyo basi tena.

Wiki nane, siku tano kwa wiki, jumla siku 40, na kila siku ina mistari yake inayouliza jambo moja tu: leo umefanya nini? Swali jepesi, ila jibu la kweli haliandikiki. Jibu la kweli la Jumatatu ni kwamba umefagia gereji, umeosha spea kwa dizeli mpaka vidole vimekufa ganzi, umetumwa vocha, umetumwa chai, ukarudishwa kwa sababu chai imepoa. Chuo gani kitampa alama mtu wa chai? Ndipo ilipozaliwa lugha ya logibuku. Kufagia kunaitwa "kuzingatia usalama mahali pa kazi". Kuosha spea ni "ukaguzi wa vipuri". Kumshikia fundi tochi naye kalala chini ya lori ni "kushiriki kutambua hitilafu". Kutumwa nati sokoni Mwanjelwa, ukaleta isiyoingia, ukarudi tena kwa nauli yako, hiyo ni "manunuzi na ugavi".

Chai peke yake ndiyo imekosa jina, na wala kosa si la anayetumwa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kwa hiyo chai inatoka kwa mama ntilie ikiwa na hasara ya nyuzi sita kabla hujaishika, halafu upepo wa mlima Loleza unakusubiri mlangoni. Maharage nayo yanachelewa kuiva kwa sababu hiyohiyo, ndiyo maana saa saba mchana mama anakwambia "bado kidogo, mwanangu", na saa nane foromani, msimamizi wa mafundi, anakuuliza ulikuwa wapi.

Kupata hiyo nafasi ya kufagia nako si mchezo. Barua ya utambulisho ya chuo unaitoa nakala, unazizungusha Iyunga, Mafiati, Mbalizi, na kila mahali jibu ni "acha namba, tutakupigia". Hawapigi. Peleka barua mwezi wa tatu au wa nne, wenzako wakiwa bado wanalala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana barua nyingine huishia kufungia vitumbua. Ukishaanza kazi, fomu ya kuripoti irudi chuoni wiki ya kwanza. Bila hiyo fomu, mwalimu wa kuja kukukagua hajui hata uko mtaa gani.

Siku ya kwanza unapewa cheo. Unaitwa Injinia. Usivimbe kichwa, ni namna ya kukutuma: "Injinia, lete spana 17!" Unaleta 19. "Injinia, huko chuo mnasoma namba za Kirumi?" Wewe umefundishwa kukaza nati kwa hesabu ya nguvu mara urefu wa spana, fundi anakwambia kaza mpaka ilie, kisha ongeza kidogo. Ilie vipi? Hasemi. Ila amka useme "shikamoo fundi" mapema, na jina la kila spana ulijue kabla ya Jumatano, la sivyo utafagia mpaka wiki ya nane.

Sasa kuna siku moja, huwa inaangukia wiki ya tatu au ya nne, fundi msaidizi hajatokea na lori limeingia likinuka breki. Limeshuka mteremko wa Iwambi na mzigo, dereva akakalia kanyagio badala ya kuweka gia nzito, drumu za breki zikawaka moto, lainingi, vile vipande vinavyosugua drumu, zikawa zinateleza tu. Tajiri wa lori anapiga simu kila dakika kumi. Foromani anageuka, anatazama kulia, anatazama kushoto, yuko Injinia na fagio lake. "Weka hilo fagio, njoo."

Hapo ndipo fildi yenyewe ilipo. Mawe yanawekwa mbele na nyuma ya matairi ya ekseli isiyoguswa. Nati kumi zinalegezwa tairi likiwa bado limekanyaga chini, kwa spana ya boksi ya 32 au 33 na bomba refu, kwa sababu ukishanyanyua utazunguka nalo. Jeki chini ya ekseli, kisha stendi, kisha ndipo binadamu aingie. Jeki ni ya kunyanyulia lori, si ya kukuwekea dhamana.

Ekseli ya nyuma ina busta, lile kopo la kusukumia breki, yenye springi ndani, na hapa darasa zima huwa linashindwa mtihani. Wengi wanadhani upepo ndio unaofunga breki ya kuegeshea. Sivyo. Springi ndiyo inayofunga, upepo unakuja kufungua, na ndiyo maana lori likiishiwa upepo linagoma palepale barabarani. Ili drumu itoke, ile springi irudishwe kwanza kwa bolti yake ndefu na ifungwe hapo. Lakini ule mkanda wa chuma unaoshika busta usiuguse kabisa, kwa sababu springi ile ikifyatuka inaua. Hili foromani analisema mara moja, bila utani, na ni siku hiyo tu anakuita kwa jina lako la ubatizo.

Halafu ajasta, kirekebisho cha breki, inalegezwa ili shuu, vyuma vinavyobeba lainingi, zirudi ndani. Drumu iliyolika inaacha ukingo unaozishikilia, na asiyejua anagonga nyundo saa nzima akimlaumu aliyeifunga. Vumbi jeusi la ndani halipulizwi kwa kompresa, japo gereji nyingi hufanya hivyo na hupendeza kama moshi wa disko, kwa kuwa lainingi za zamani zina asbesto na asbesto haitoki mapafuni. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji. Lainingi iliyokaribia vichwa vya ribiti, misumari inayoishikilia kwenye shuu, imekwisha. Iliyo nene lakini imelowa grisi imekwisha pia, na mwenye kosa ni sili ya habu, ule mpira unaozuia grisi ya gurudumu isivuje. Badilisha lainingi uiache sili, lori litarudi baada ya wiki, na safari hiyo dereva hasalimii mtu.

Ribiti zinapigwa kuanzia katikati kwenda pembeni, lainingi ilale juu ya shuu pasipo uwazi. Ukianzia pembeni, katikati inabaki imetuna, na ikipata moto inapasuka. Zinabadilishwa pande zote mbili za ekseli hata tajiri akilia kwa simu, la sivyo lori litakuwa linavuta upande mmoja kila breki ikishikwa. Mwisho, kama ajasta ni ya mkono, inakazwa mpaka gurudumu ligome, kisha inarudishwa robo hadi nusu mzunguko. Nati zinakazwa kwa kukingamana, ya juu na ya chini, ya kulia na ya kushoto, nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukazia) 600 hivi, ambazo hapa zinapimwa kwa mafundi wawili kuning'inia kwenye bomba. Dereva aambiwe arudie kuzikaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Ataitikia "sawa" huku keshawasha gari.

Jioni unafika geto kucha nyeusi, kiuno hakipo, unafungua logibuku. Mistari mitatu! Siku ya kufagia hiyo mistari mitatu ilikuwa jangwa, umeijaza kwa kutanua herufi. Leo una busta, una ribiti, una nyutoni mita, na mistari ni ileile mitatu. Kimbilia ukurasa wa mchoro wa wiki, uichore breki yote na mishale yake, maana huko ndiko mwalimu anakotazama kwanza.

Mwalimu mwenyewe anakuja mara moja, na anapiga simu akiwa Kabwe: "Nipo hapa Mbeya, wewe upo wapi?" Anachagua siku ambayo umetumwa Mwanjelwa kufuata nati. Unarudi mbio, unamkuta kakalia kiti chako cha ndoo, anaangalia logibuku, anakuuliza upepo unafunga au unafungua. Ukisema unafunga, imekula kwako.

Wiki ya nane unahitaji sahihi za foromani, moja kwa kila wiki, na muhuri. Muhuri uko kwenye droo, ufunguo anao bosi, bosi kaenda Tunduma kufuata spea, anarudi "kesho". Kesho ya tatu anarudi. Foromani anaweka logibuku juu ya boneti, anasaini wiki zote nane kwa kikao kimoja, kalamu moja, mkono mmoja wenye grisi, dole gumba likiacha alama kwenye kila ukurasa. Mwalimu ataliona hilo dole mara nane na hatasema kitu, maana la kwake lilikuwa hivyohivyo.