Jicho Lililokonyeza Bila Idhini

Baba Asha, dereva wa bodaboda, alikuwa anawekewa vyuma kwenye kigasha. Kwa kazi hiyo ganzi ya juu ya mtulinga inatosha kabisa, usingizi wa nini? Ana kilo 70: mililita 20 za dawa ya ganzi, bupivakaini ya asilimia 0.5, yaani miligramu 100, na kikomo chake ni miligramu 2 kwa kilo. Kwenye ultrasaundi ateri, mshipa mkubwa wa damu, inadunda, na pembeni yake mishipa ya fahamu imejikusanya kama kishada cha zabibu. Sindano naiingiza kutoka upande wa bega, ncha ikionekana muda wote, maana pafu liko chini hapo hapo. Kila mililita 5 navuta kwanza. Damu ikija, nasimama. Dozi ya kwanza naimwaga kwenye pembe kati ya ateri na ubavu wa kwanza. Ukiiruka pembe hiyo, kidole kidogo kitakuwa macho kisu kikifika.

Baada ya dakika 25 mkono ukawa gogo. Upasuaji ukaenda salama. Balaa lilisubiri wodini.

"Baba Asha, unamkonyeza nani?" Mkewe alikuwa amesimama, bakuli la uji mkononi. Sista ndiyo kwanza amepita.

Mgonjwa akajitetea kwa sauti iliyokwaruza, ikazidi kumtia hatiani. Akataka kuapa. Mkono wa kulia haukuitika, akaunyanyua kwa wa kushoto, akauachia. Ukatua ndani ya uji.

Ndiyo maana mkono uliolala hufungwa kitambaa shingoni. Hiki alikuwa amekivua, eti kinamkera. Shukuru uji ulikuwa umepoa, maana ule mkono ungeungua asijue.

Nikamtuliza mkewe: "Mama, dawa imepanda shingoni. Inalegeza kope, mboni inasinyaa, jasho linakata upande huo, na sauti inakwaruza. Ganzi ikiisha, vyote vinarudi."

Akampapasa mumewe paji la uso: kushoto jasho, kulia pakavu. Akatulia kidogo.

Nikamwandikia mgonjwa dawa za maumivu, azianze kabla ganzi haijaisha, kwani ikiisha usiku maumivu huja yote kwa mkupuo. Nilipogeuka kuondoka, mama akanivuta koti.

"Daktari, na huyu wa kitanda cha pili? Naye mmemchoma shingoni?"

Nikafungua faili. Henia. Ganzi ya mgongo.