Mwongozaji akisema turudi, turudini

Agosti mwaka jana tulikuwa Wakenya na Watanzania 14 tunaoishi Marekani, ndani ya basi dogo, tumetoka Las Vegas alfajiri kwenda Zion. Hiyo ilikuwa mbuga ya kwanza kati ya tano za jimbo la Utah ambazo tulilipia kuzizunguka kwa siku saba. Wengi wetu tulichanga mwaka mzima kwenye chama. Mimi kilichonitoa nyumbani kilikuwa kimoja tu, Narrows: sehemu ambapo korongo la Zion linabana mpaka pengine linabaki na upana wa mita sita au saba, huku kuta zikipanda mita 300 kwenda juu. Njia ya miguu hakuna. Mto Virgin ndio njia, unatembea majini ukijiegemeza kwa fimbo. Viatu na fimbo tulishakodi.

Tuliposhuka kituo cha mwisho cha basi la mbuga, mwongozaji wetu akatukusanya akasema leo hatuingii. Kila siku idara ya hali ya hewa hutoa kadirio la hatari ya mafuriko ya ghafla kwa makorongo yale, na lina ngazi nne. Siku hiyo ilikuwa ngazi ya tatu. Juu yetu anga lilikuwa jeupe, hakuna hata kipande cha wingu. Na mbuga haikuwa imefunga njia. Watu walikuwa wanatupita makundi kwa makundi, fimbo mkononi, wanacheka, wanaingia mtoni.

Nilikasirika sana. Nikamwambia mwongozaji kwamba hatukusafiri kutoka majimbo manne kuja kutazama mgongo wa watu. Wenzangu wakaniunga mkono. Aliyetunyamazisha ni mzee mmoja wa kikundi chetu, mtu wa Pangani, aliyevua samaki ujana wake wote. "Wanangu," akasema, "nahodha akisema leo hatutweki, hatutweki. Hamuoni upepo, yeye anauona." Tukavua viatu vya kukodi.

Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile, na leo nasema wazi: anayekwenda na kikundi kwenye makorongo ya jangwani halipii maelezo ya mawe. Maelezo yako kwenye vibao. Analipia mtu mwenye ujuzi wa kusema hapana, na mwenye nafasi ya kuisema.

Jangwa lile ni mwamba mtupu. Mvua ikianguka haipati udongo wa kuinywa, inateremka yote kwa pamoja na kutafuta mkondo, na mkondo wenyewe ni huo ulimosimama wewe. Kati ya Julai na Septemba ngurumo za mchana ni jambo la kawaida, na wingu linaweza kupasuka mbali sana usilione wala kulisikia. Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, kaskazini mwa Arizona, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa. Leo huruhusiwi kuingia humo bila mwongozaji aliyeidhinishwa na Wanavajo, wenyeji wa asili wenye ardhi yao. Septemba 2015, ndani ya Zion yenyewe, watu saba wenye kibali halali waliingia korongo jembamba liitwalo Keyhole. Hakutoka hata mmoja akiwa hai.

Na mimi ni mtu wa Naivasha! Kwetu kuna mbuga ya Hell's Gate, yenye korongo lake. Aprili 2012 maji yalichukua vijana saba wa kanisa waliokuja kutembea kwenye korongo lile. Septemba 2019 yakachukua watu wengine saba, na mwongozaji akiwa mmojawao. Nimekulia karibu na hatari ileile, lakini nilipofika Utah nikaona kiingilio nilicholipa ni kikubwa kuliko neno la mtu anayeishi pale.

Hata hivyo kosa halikuwa la hasira yangu peke yake. Angalieni ratiba. Mbuga tano kwa siku saba: Zion, Bryce, Capitol Reef, Canyonlands na Arches, kisha kutoka Moab mpaka Las Vegas ni zaidi ya kilomita 700 za kurudi. Kesho yake saa moja asubuhi tulitakiwa tuwe barabarani kwenda Bryce. Kwa hiyo "hapana" ya mwongozaji haikuwa na "labda kesho" nyuma yake. Ratiba ya namna hiyo inamweka mwongozaji pabaya, kwa sababu akikataa anawanyima wageni kitu ambacho hawatakirudia. Wapo watakaoingia majini kwa kuogopa lawama, au kwa kuogopa kukosa bahshishi. Waandaaji wanaouza idadi ya mbuga wanajua hili, na naona ni vibaya kwao kuendelea kuuza safari hivyo.

Ndiyo maana sasa nikiulizwa na ndugu wanaotaka kwenda, siulizi hoteli ni ya nyota ngapi. Namwambia mtu: muulize mwandaaji, siku ya korongo ikiharibika, mna siku ya akiba? Nani ana neno la mwisho, mwongozaji aliye pale au mtu wa ofisini? Wakibabaika, tafuta wengine.

Mchana ule tulitembea Riverside Walk, njia ya sakafu ya kama kilomita moja na nusu inayofuata mto mpaka mahali Narrows inapoanzia. Tukakaa pale na watoto wakarusha vijiwe. Mafuriko hayakuja. Mto ulibaki safi mpaka jioni, na wale waliotupita asubuhi wakarudi wamelowa, wazima, wana furaha tele. Mmoja wetu akamgeukia mwongozaji, "Unaona?" Naye akajibu tu kwamba kesho yake, kukiwa na kadirio lilelile, atakataa tena. Nilimheshimu kuanzia hapo.

Tumeshaanza kuchanga upya. Safari hii ni Zion na Bryce tu, siku sita, na siku mbili kati ya hizo hazina kitu kilichopangwa. Tumemwomba mwongozaji yuleyule.