Kasri limepona, nyumba zetu tunazipaka saruji

Ndani ya Astley Castle, kasri la kale huko Warwickshire, Uingereza, vyumba vya kulala viko chini na sebule iko juu, kwa hiyo chai ya asubuhi unaipandia ngazi. Njiani mkono unagusa ukuta: jiwe la kale limemeguka kama mkate, na tofali jipya la udongo limeufuata mmeguko ule bila kuuficha. Raha iliyoje! Kasri hili liliungua 1978, likabaki gofu. Landmark Trust, shirika la hisani linalookoa majengo ya kale, wakalifufua, na tangu 2012 watu wanane wanaweza kulipanga kwa mapumziko. Kodi ya wageni inasaidia kulitunza.

Najua nitaambiwa, "Umeonja Ulaya, ushaanza kutudharau." Sidharau. Watu waliojenga kasri la kale la Husuni Kubwa kule Kilwa kwa matumbawe na chokaa hawakuwa wanafunzi wa Mwingereza. Kinachoniuma ni kwamba ujuzi ulikuwa wetu, na leo ukuta ukichubuka Lamu au Mji Mkongwe, fundi anakabidhiwa mfuko wa saruji.

Tumbawe hunywa maji na kuyatoa. Lipu ya chokaa huyapisha, saruji huyafungia. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, halafu masika mawili matatu yakipita inabanduka bapa zima pamoja na uso wa jiwe. Vichwa vya boriti vilivyozama ukutani navyo vinaoza kimyakimya, mpaka dari linalegea.

Waashi wa majengo ya kale huku Uingereza huanza kwa kubandua saruji, kwa patasi na nyundo, taratibu. Chokaa iliyokwisha kulowekwa hukaa miezi mitatu au zaidi ndipo ichanganywe, sehemu moja kwa tatu za mchanga usio na chumvi. Mchanga wa pwani, jamani, hapana! Ukuta unaloweshwa kwanza. Lipu hupigwa tabaka la sentimita moja hivi, likaze, ndipo lije jingine, na lifunikwe magunia mabichi, maana jua likiliwahi linapasuka.

"Chokaa inachelewesha kazi." Inachelewesha, ndiyo. Na kubandua saruji pamoja na nusu ya jiwe je, kunaharakisha nini?

"Nyumba ina warithi kumi na wawili, nani atoe pesa?" Hapo mna haki, na hasira yangu inapungua. Lakini maji mengi huanzia juu. Hata warithi wasiosalimiana wanaweza kuchanga ujira wa fundi mmoja apande darini kabla ya masika, azibue makopo ya kutolea maji na kuziba nyufa za sakafu ya juu kwa chokaa.