Usimwambie mchezaji "jitahidi", mwonyeshe daftari

Jua likianza kuelekea Kongo, ng'ambo ya ziwa, vijana wangu hukusanyika chini ya miembe hapa Ujiji kucheza petanki. Kwa asiyeujua, mchezo huu ni ndugu wa gololi. Unasimama ndani ya kiduara, miguu yote miwili chini, unarusha tufe la chuma likae karibu na kijipira cha mbao kilichoko mita sita hadi kumi mbele yako. Wafaransa, wenye mchezo, kijipira hicho wanakiita kitoto cha nguruwe. Sisi watu wa Ujiji tumekiita kifaranga. Wanaotangulia kufikisha pointi 13 wameshinda. Matufe yetu ni 12, tuliachiwa na mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake wa kazi huku Kigoma, na 12 yanatosha mchezo mmoja kamili: watu sita kwa mawili mawili, au wanne kwa matatu matatu.

Ninawafundisha mwaka wa pili sasa. Wa kwanza niliwapotezea, na linaniuma hadi leo. Nilifundisha kwa mdomo tu. "Jitahidi." "Tuliza akili." "Mbona leo hivyo?" Ndivyo nilivyofundishwa mpira nikiwa mdogo, na makocha wengi wa mitaani ndivyo tulivyo. Lakini maneno hayo yanamsaidia nini kijana? Tufe limepelea mita nzima: mkono umechelewa kuachia, au limeangukia kwenye mzizi wa mwembe? Kocha hajui, mchezaji hajui, mnarudi nyumbani mmenuniana.

Kibaya zaidi ni namna nilivyogawa kazi. Katika petanki kuna kulaza na kuna kugonga. Mlazaji hulisogeza tufe lake karibu na kifaranga. Mgongaji huling'oa tufe la mpinzani lililokaa pazuri. Mimi niligawa kwa macho: wenye mabega wagonge, wasichana na wadogo walaze. Nilidhani ndiyo busara.

Kilichonifumbua macho ni kipimo cha kugonga ambacho hata mabingwa wa dunia hushindania, na hakihitaji zaidi ya kamba na chokaa. Unachora duara la upana wa mita moja, unaweka lengo katikati. Kuna mitego mitano: tufe peke yake, tufe nyuma ya kifaranga, tufe kati ya mengine mawili, tufe lililojificha nyuma ya jingine, na kifaranga peke yake. Kila mtego unarushiwa mara moja kutoka mita 6, 7, 8 na 9. Jumla marusho 20, na kila rusho naliandika kwenye daftari. Tufe la kulengwa ukiligusa tu, alama 1. Ukilitoa nje ya duara, 3. Ukilitoa na lako likabaki ndani, 5. Ukipata zote ni 100. Wa kwangu wengi, mara ya kwanza, hawakufika 15.

Binti mmoja wa kidato cha pili, mwembamba, niliyemfanya mlazaji tangu siku ya kwanza, alipata 22. Nikaangalia mstari wake kwenye daftari: anagonga mita 8 sawasawa na anavyogonga mita 6. Mwaka mzima nilikuwa nimemkalisha kwenye kazi isiyo yake.

Halafu kijana mmoja wa wale wenye mabega niliowapa kugonga. Mita 6 na 7 alama zimejaa, mita 9 sifuri tupu. Nikachuchumaa ubavuni kwake nimtazame mkono tu. Kadiri umbali ulivyoongezeka ndivyo alivyouvuta mkono kwa nguvu, akachelewa kufungua vidole, tufe likapanda juu mno na kuangukia shubiri mbili kabla ya lengo. Nguvu alikuwa nazo tele. Nikamwambia auache mkono uende nyuma zaidi, kisha urudi wenyewe kama bembea. Wiki mbili akirusha kutoka mita 9 tu. Sasa anagonga.

Kulaza kuna ugumu wake, kwa kuwa matokeo hudanganya. Tufe laweza kuanguka ovyo, likagonga kijiwe, likaishia kubusu kifaranga, watu wakapiga makofi. Kwa hiyo mimi naandika safu mbili. Kabla ya kurusha namuuliza mchezaji: "Litaangukia wapi?" Anaponionyesha, naweka tairi chakavu la baiskeli pale pale. Safu ya kwanza: tufe limeangukia ndani ya tairi au nje? Safu ya pili: limeishia umbali gani na kifaranga? Anayejaza safu ya kwanza na kukosa ya pili, mkono wake mzima, hajajua kusoma ardhi. Huyo natembea naye uwanjani tunakanyaga udongo, penye mchanga na penye ugumu. Anayekosa ya kwanza na kupata ya pili amebahatika tu, na lazima aambiwe, hata kama ndiye aliyeshinda jioni hiyo.

Daftari pia laweza kuumiza. Nilibandika matokeo ya kwanza kwenye shina la mwembe, kila mtu ayaone. Kijana wa mwisho kwenye orodha hakuonekana kwa wiki tatu. Nilimfuata hadi kwao, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Tangu hapo kila mmoja ana ukurasa wake, na ninayemlinganisha naye ni yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Wapo wanaoniambia najisumbua kwa mchezo wa wazee wa Ufaransa. Nawajibu kwa Madagaska, Waafrika wenzetu, mabingwa wa dunia mwaka 1999 na tena 2016, mara hiyo ya pili nyumbani kwao Antananarivo, wakiifunga Benin kwenye fainali. Vijana wa Ujiji wana mikono ileile. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia ukweli wa mikono yao, na hilo halisubiri fedha za mfadhili.

Jumamosi tunapima tena. Miembe wameshaizoea, kwa hiyo nawapeleka kwenye changarawe, na yule binti ndiye atakayeanza kugonga.