Acheni ushauri wa "weka nolock"

Nimeukuta tena kwenye grupu la mafundi. Mtu analia programu yake ya mauzo inaganda kila ikifungua faili lililo kwenye seva ya NFS (mfumo wa kushea mafaili kupitia mtandao). Jibu la kwanza: "Weka nolock, itapona." Akaweka chaguo hilo wakati wa kuunganisha folda ya seva, ikapona, dole gumba zikamiminika. Mimi nikachemka.

Imepona nini? NFS toleo la 3 lenyewe halishughuliki na kufuli, yaani zamu inayozuia wawili wasiandike faili moja kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ilitupiwa itifaki ya pembeni, NLM, na msaidizi wake statd anayetakiwa kukumbuka nani alishika kufuli, ili mashine ikizima na kuwaka watu waarifiwe. Fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) ikiziba poti, yaani milango ya mtandao, za hao wawili, programu inaomba kufuli, inasubiri jibu lisilokuja. Ndiyo kuganda kwenyewe. Ukiweka nolock, kompyuta haiiulizi tena seva; inajipa kufuli yenyewe. Keshia wa kaunta ya kwanza anaambiwa "umepata, endelea". Wa kaunta ya pili, kwenye mashine yake, naye anaambiwa "umepata, endelea". Ni mawakala wawili wa basi wameuza siti ileile, na bado hakuna abiria aliyepanda. Faili lenyewe ni la SQLite, hifadhidata nzima ndani ya faili moja! Siku likivurugika, mauzo ya mchana kutwa yakapotea, bingwa wa nolock utamtafuta.

Haya, nakubali shingo upande: folda ya kusoma tu haina neno, na /var (folda ya Linux yenye mafaili ya mfumo, yakiwemo ya NLM yenyewe) ikiwa juu ya NFS mwongozo wenyewe unaidai nolock. Duka lenye makeshia wawili si /var.

Na nyie wa "hamia SMB", itifaki ya kushea mafaili ya Windows: kweli, huko seva inamkatalia asiye na kufuli. Lakini ukiishea folda hiyohiyo kwa Samba (programu ya SMB kwenye Linux) na NFS kwa pamoja, programu ya upande wa Linux isiyojisumbua kuuliza inapita tu.

Toleo la 4 la NFS lipo tangu 2000, jamani. Kufuli limo ndani ya itifaki, poti ni moja, 2049, na mteja (kompyuta iliyounganishwa) asipohuisha muda aliopewa wa kushika kufuli (kwenye seva ya Linux kwa kawaida ni sekunde 90), seva inaweza kumnyang'anya kufuli na kumpa mwingine. Huko nolock haina kazi.

Piga amri ya nfsstat -m, inayoonyesha folda za NFS zimeunganishwaje, kwenye kila kompyuta. Ukiona local_lock=all (kompyuta inajipa kufuli yenyewe) kwenye ya keshia, chukua nakala ya hifadhidata kwanza, leo, kabla hujagusa kingine.